Kupiga Fuga ya Bach kwenye Kinanda cha Saint-Sulpice



Mada yangu ina kinanda kimoja na kazi moja. Kinanda ni kile cha Saint-Sulpice, Paris, ambacho Aristide Cavaillé-Coll alikikamilisha mwaka 1862: kibodi tano za mikono, moja ya miguu, na rejista 100. Saint-Sulpice si kanisa kuu la askofu, lakini kwa ukubwa na mwangwi halioni haya mbele ya Notre-Dame. Kazi ni preludi na fuga ya Bach, BWV 552, iliyochapwa mwaka 1739.

Wengi hulaumu ukubwa. Hufunga rejista karibu zote, wakabakiza filimbi chache nyembamba, kisha wakasema hiyo ndiyo baroki. Sikubaliani nao. Kinanda cha Hildebrandt kule Naumburg, alichokikagua Bach mwaka 1746, kilikuwa na rejista 53. Na mwaka 1708, kule Mühlhausen, Bach mwenyewe aliomba besi ya futi 32 iongezwe kwenye miguu. Mtu huyo hakuogopa uzito.

Tofauti imo katika upepo. Cavaillé-Coll alizipa noti za juu upepo wenye shinikizo kubwa kuliko za chini, ili wimbo wa juu utawale. Kwa Widor, aliyekipiga kinanda hiki tangu 1870 hadi 1933, huo ulikuwa utajiri. Kwa fuga ya sauti tano ni taabu: sauti ya juu inang'aa, na zile za katikati, ambako mara nyingi ndiko mjadala unakoendelea, zinazama. Kwa hiyo filimbi za ulimi za mikononi, tarumbeta na ndugu zake, zikae kimya. Ni kweli Bach aliagiza kinanda kamili, ila kwa desturi ya wakati wake hiyo ni familia ya prinsipali pamoja na miksa zake kali, si kila kishikio kilichopo. Familia hiyo ipo Saint-Sulpice. Tena Cavaillé-Coll alihifadhi filimbi nyingi za mwaka 1781 za Clicquot, mjenzi wa kinanda kilichotangulia, jambo ambalo wanaomlaumu hulisahau.

Halafu kuna mashine ya Barker, mtambo wa upepo unaofungua vali badala ya kidole. Bila huo, nani angebonyeza kibodi zote zikiwa zimeunganishwa? Lakini kidole hakiihisi tena vali ikifunguka. Mwanzo wa noti umeshatoka mikononi mwa mpigaji. Amebakiwa na mwisho wake. Basi aufanyie kazi huo: noti ikatwe mapema kidogo, na pengo lizidi kadiri mwangwi unavyozidi. Marcel Dupré, mrithi wa Widor, alifundisha legato kali. Namheshimu, ila hapa simfuati. Wengine hupunguza mwendo tu. Ukipunguza mwendo bila kukata noti unapata tope lile lile, ila la polepole.

Sehemu ya katikati ya fuga haina miguu. Ningeipiga kwenye kibodi ya Positif, kwa filimbi chache. Sehemu ya tatu inaturudisha kibodi kuu, na hapo tu ningeruhusu bombarde ya futi 16 miguuni, kwa sababu besi inapoingia na mada lazima isikike mpaka mlangoni. Bombarde ya futi 32 ningeiacha. Na sanduku la filimbi za kibodi ya Récit, ambalo milango yake hukuza na kufifisha sauti, libaki wazi tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho. Najua baadhi yenu mtanipinga kwa hilo, na nipo tayari kwa maswali.