Mashine Katikati, Watu Pande Zote Mbili

Mhadhara wa umma



Nitazungumzia kazi isiyotajwa sana misaada inapohesabiwa: kazi ya wale wanaochora mabango, kuandika vipeperushi, jumbe za simu na matangazo ya redio pindi kipindupindu kinapozuka, au mafuriko na vita vinapowaondoa watu makwao. Wabunifu hawa sasa wanaletewa akili mnemba iwasaidie. Swali ni namna ya kukiunda chombo hicho.

Hoja yangu ni moja. Mashine ikae katikati ya kazi, na pande zote mbili wabaki watu. Upande wa mwanzo awepo mtu anayethibitisha kwamba jambo ni kweli; upande wa mwisho awepo mtu anayeandikiwa, aseme kama ameelewa. Chombo kinachoziba nafasi ya mmojawapo, hata kiwe na kasi gani, kitawaumiza watu kiliodhamiria kuwasaidia.

Kazi yenyewe

Tuanze na kinachofaa, kwa maana kipo. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa kaskazini-magharibi mwa Kenya mwaka 1992, ina Wasomali, Wasudani Kusini, Wakongo, Warundi na wengine wengi, na wenyeji wao ni Waturkana. Ujumbe mmoja wa kunawa mikono lazima uwe bango la kisimani, tangazo la redio la nusu dakika, ujumbe mfupi wa simu, na kadi za michoro kwa wasiosoma. Kisha yote hayo yarudiwe lugha kwa lugha. Mara nyingi timu ya ubunifu ni watu wawili au watatu tu, wanaohudumia dharura kadhaa kwa wakati mmoja.

Hapo mashine inasaidia kweli. Inafupisha maandishi marefu, inatoa rasimu tano za tangazo mbunifu achague moja, inapanga bango upya ili litoshe karatasi ndogo, na inaonyesha sentensi itakayomshinda msomaji wa darasa la nne. Saa nyingi zinaokolewa, na mwisho wa mhadhara nitasema zitumike wapi.

Ukweli unatoka wapi?

Modeli ya lugha, yaani akili mnemba inayoandika, hutunga kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, ikiongozwa na wingi wa maandishi iliyofunzwa nayo. Ndiyo maana hukosea kwa sauti ileile inayotumia ikipatia. Katika barua ya mwaliko kosa hilo lina nafuu. Katika bango la kuharisha halina.

Mahali ambapo pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, hazipatikani, mchanganyiko unaofundishwa ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Vipimo vya sukari na chumvi vikibadilishana nafasi, mtoto aliyekwisha kudhoofika anaweza kufa. Au tazameni vidonge vya klorini vya kutibu maji. Kipo cha miligramu 67 kwa lita 20, na vipo vidogo zaidi kwa maji machache zaidi, na mtu aliyeshika kimoja mkononi huenda asijue kipimo chake kwa kukitazama tu. Bango lililo sahihi ni lile linalofuata pakiti iliyomo ghalani kambini wiki hii, na habari hiyo haimo katika maandishi yoyote ambayo mashine imefunzwa.

Kwa hiyo chombo kitenganishe maneno na vipimo. Vipimo vyote, majina ya dawa, namba za simu za bure na mahali pa kliniki vikae katika daftari maalumu, kila kimoja kikiwa na jina la mtaalamu aliyekiidhinisha na tarehe ya mwisho ya kukitumia. Mashine iandike maneno yanayovizunguka. Vipimo vichukuliwe daftarini jinsi vilivyo. Kama idhini haipo au tarehe imepita, chombo kisimame na kimtaje anayepaswa kuulizwa. Kuacha pengo wazi ni uungwana kuliko kulijaza kwa kubahatisha.

Sura ya nani?

Mwaka 1994 Harakati ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika yasiyo ya kiserikali walikubaliana Kanuni za Maadili ya kazi ya uokoaji. Kanuni ya kumi inadai kwamba katika habari na matangazo yetu waliopatwa na maafa waonekane kuwa binadamu wenye hadhi, si vitu visivyo na tumaini. Kanuni hiyo ilizaliwa baada ya miaka mingi ya picha za watoto wenye njaa, waliopigwa bila mtu kuuliza majina yao wala ridhaa ya wazazi wao.

Mashine za kutengeneza picha zimelelewa kwa picha hizohizo. Mwaka 2023 watafiti Arsenii Alenichev, Patricia Kingori na Koen Peeters Grietens walieleza katika jarida la The Lancet Global Health jinsi walivyoiomba programu ya Midjourney picha za madaktari Waafrika weusi wakiwatibu watoto wazungu wanaoteseka. Programu iling'ang'ania kuwaonyesha wagonjwa weusi. Mazoea ya zamani yalikuwa yameingia ndani ya mashine, na ombi lililo wazi halikutosha kuyang'oa.

Mwaka huohuo tawi la Norway la Amnesty International lilitumia picha za kutengenezwa kueleza jinsi waandamanaji wa Kolombia walivyokandamizwa mwaka 2021. Nia ilikuwa njema: kuficha sura za watu wasije wakaandamwa. Lakini shirika linaloishi kwa ushahidi likionyesha tukio lisilopigwa picha, linampa mkandamizaji sababu ya kuuita ushahidi wote uzushi. Picha hizo ziliondolewa.

Ninapendekeza chombo kisitengeneze kabisa picha za watu zinazofanana na picha halisi. Kitumie picha zenye ridhaa iliyoandikwa, na mwenye sura aweze kuiondoa ridhaa yake. Penye hatari, mchoro wa mkono unamlinda mtu bila kumdanganya mtazamaji. Wala kisichore alama ya msalaba mwekundu juu ya kila hema la tiba. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na ikitumiwa ovyo, ulinzi wake unalegea pale risasi zinaporuka.

Simulizi za walionusurika zivuliwe majina na mahali kabla hazijaigusa mashine. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika kumbukumbu za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao. Taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kuibwa.

Anayeandikiwa

Ebola iliyozuka Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018 iliendelea hadi mwaka 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Shirika la Translators without Borders lilipowasikiliza wakazi, lilikuta kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu cha mabango viliwaacha wengi nje. Walitaka Kiswahili cha kwao na Kinande, na walitaka kuelezwa kwa nini, si kuamriwa tu. Mtu anayeambiwa asimzike mamaye kwa desturi ana haki ya kupewa sababu.

Mashine iliyosoma zaidi magazeti na tafsiri rasmi itatoa Kiswahili cha ofisini kwa wingi na haraka kuliko tulivyowahi kuona. Dawa yake ni kumrudia msomaji. Kabla faili la mwisho halijatoka, watu wachache wa mahali hapo waonyeshwe bango na waulizwe: "Hapa unaambiwa ufanye nini?" Tusiwaulize kama wameelewa, kwa sababu wengi wataitikia kwa adabu. Majibu yaandikwe ndani ya chombo, na bila majibu hayo faili lisifunguke kwa kuchapwa.

Najua nitajibiwa kwamba dharura haisubiri. Ni kweli. Lakini dharura zetu nyingi zina kalenda. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na kipindupindu hufuata maji. Mabango ya maji salama yanaweza kujaribiwa kiangazi, kwa kila lugha ya kambi, yakabaki yamehifadhiwa yakisubiri vipimo vya siku ile tu. Hapo ndipo pa kutumia saa tulizookoa. Mbunifu aliyepunguziwa kazi ya kukata na kupanga aende kisimani akawasikilize watu.

Wajibu wetu

Vyuo vyetu vina idara za kompyuta, Kiswahili, afya ya jamii na sanaa, na wanafunzi wake hawakutani. Wakutanisheni kwenye mradi mmoja wa namna hii. Jumuiya ya Masakhane, iliyoanza mwaka 2019, imethibitisha kwamba Waafrika wanaweza kushirikiana kuzijengea lugha zao zana za kompyuta bila kungoja kuletewa.

Kwa mashirika nina ombi moja. Msikipime chombo chenu kwa idadi ya mabango yaliyotoka kwa mwezi. Kipimeni kwa idadi ya watu walioweza kueleza, kwa maneno yao wenyewe, bango linawataka wafanye nini. Kipimo hicho mkikiandika katika mkataba tangu siku ya kwanza, wahandisi watakijenga chombo kinachokifuata. Msipokiandika, mtapata wingi wa karatasi, na mama mwenye mtoto anayeharisha ataendelea kukisia.