Gego la Mzee: Ling'olewe au Libaki?

Mada kwa semina ya wahamasishaji wa afya ya jamii wa kaunti za Migori na Homa Bay



Naomba nianze na hesabu ya kinywa cha marehemu baba yangu. Alikulia Ndhiwa. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi aling'olewa meno sita ya chini ya mbele, manne ya kukatia na chonge mbili, kwa kipande cha chuma bapa, bila ganzi, wenzake wa rika wakimtazama kama atalia. Hiyo ndiyo nak, na wengi wenu mnayo nyumbani katika vinywa vya babu na bibi zenu. Mtu mzima aliyekamilika huwa na meno 32; baba aliingia utu uzima na 26. Hakuliona pengo lile kuwa hasara. Lilikuwa kitambulisho chake, na ukimwuliza angekujibu wanavyojibu wazee hadi leo, kwamba mtu akikazwa taya na pepopunda, uji utapitia hapo.

Alipopita miaka hamsini magego yakaanza kumsumbua. La kwanza liling'olewa, maumivu yakaisha, akarudi shambani. Miaka miwili baadaye la pili, kisha la upande wa pili, kisha la juu. Kila safari alikwenda kituo kilichokuwa karibu, na kila safari mhudumu alimtendea haki kwa jino lile alilolileta. Hakuna aliyemwambia afungue kinywa chote. Alipofika miaka sabini alikuwa na meno kumi na moja, na hakuwa na hata mawili yanayokutana. Ya juu yaliangukia pengo, ya chini yalitazama ufizi mtupu. Akaacha kwanza nyoyo, mahindi na maharage ya kuchemsha, kisha nyama, kisha hata omena ikabidi itwangwe. Aliponda chakula kwa ulimi na kaakaa mpaka alipofariki.

Kwa sababu hiyo, mzee anayewauliza “niling'oe au niliache?” naomba msianze kwa kulitazama jino linalouma. Tazameni lile linalokutana nalo.

Gego halisagi peke yake. Mnalijua jiwe la kusagia mtama la nyumba za zamani: lile kubwa la chini na lile dogo la mkononi. Ukiliondoa moja, lililobaki ni jiwe tu. Kumng'oa mzee gego moja la chini mara nyingi ni kuliondolea kazi na la juu yake, hata kama lile la juu ni zima. Na halitatulia. Jino lisilo na mwenzake huteremka polepole kuelekea pengo, na yale ya jirani hulala ubavu. Baada ya miaka michache chakula kinakwama kati yake, ufizi unavimba, na mzee anarudi na maumivu mapya mahali pengine. Ndiyo maana nasema hesabuni jozi. Mzee mwenye meno kumi na manne yanayokutana anakula vizuri kuliko mwenye ishirini yaliyopishana.

Kwa mzee wa nak jambo hili lina uzito zaidi, na sijaliona likiandikwa kwenye mabango ya zahanati zetu. Kwanza, hawezi kukata chakula kwa mbele, kwa hiyo kazi yote imebebwa na magego kwa miaka sitini. Pili, mfupa wa taya usio na jino husinyaa mwaka baada ya mwaka, na taya la chini husinyaa kwa kasi kuliko la juu. Sehemu ya mbele ya taya lake imekuwa ikisinyaa tangu ujana. Ukimmalizia magego, meno ya bandia ya taya zima la chini hayana pa kukaa. Yanaelea juu ya ulimi, yanachubua, na mwishowe yanawekwa kwenye kikombe juu ya kabati. Lakini akibakiwa na magego mawili imara, moja kila upande, fundi wa meno anaweza kutengeneza meno ya bandia ya sehemu na kuyashikiza hapo kwa vibano. Gego ambalo mzee anaona halina faida huenda ndilo nguzo ya mwisho ya kushikiza paa.

Sasa, sitaki mtoke hapa mkiwaambia wazee wasing'oe. Hilo litakuwa kosa la pili, na linaweza kuua. Gego lililobaki mizizi tu chini ya ufizi, gego lililopasuka mpaka mzizini, gego linalotitia ukilibonyeza na kuinuka ukiliachia, gego linalotoa jipu, likapona kwa vidonge na kurudi tena baada ya miezi: hayo yaondoke. Vidonge vya kuua vijidudu hupunguza uvimbe, lakini chanzo kimo ndani ya mzizi ambako dawa haifiki vya kutosha. Na mkikuta uvimbe umeshuka chini ya taya hadi shingoni, mzee anashindwa kumeza mate, sauti imebadilika au anapumua kwa shida, msisubiri siku ya kliniki. Tafuteni gari usiku huo huo. Usaha wa magego ya chini una njia ya kuteremka na kuziba koo.

Katikati ya hayo mawili ndipo penye mashauri. Mwulizeni mzee maumivu yanakujaje. Kama chai ya moto au maji baridi yanamchoma kisha yanaacha mara moja, mara nyingi jino lile bado lina uhai na kuliziba kunatosha. Kama yanakuja yenyewe, yanapwita, yanamwamsha usiku na kukaa saa nzima, mshipa wa ndani umeshadhurika. Hapo njia ni mbili, kutibu mzizi au kung'oa. Kutibu mzizi wa gego si kazi ndogo: magego ya juu kwa kawaida yana mizizi mitatu na ya chini miwili, kila mmoja una mfereji wake au hata miwili, na yote inatakiwa isafishwe na kuzibwa. Huchukua safari mbili au tatu, na gharama yake ni mara kadhaa ya kung'oa. Familia isiyoweza isilaumiwe. Ninachoomba ni kwamba waambiwe njia zote mbili kabla ya kuchagua. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, kipigieni simu kituo kwanza mjue wanachopokea, mzee asije akafunga safari ya bure kutoka Muhuru Bay.

Yapo pia maumivu yanayojifanya ya gego. Mafua mazito yaliyojaa kwenye matundu ya mfupa wa shavu huumiza magego ya juu, kadhaa kwa pamoja, na huzidi mzee akiinama. Na mzee ambaye taya linamuuma anapopanda kilima au kubeba maji, kisha linaacha akipumzika, msimpeleke kwa daktari wa meno. Mpelekeni akapimwe moyo.

Nakutana mara kwa mara na neno hili: “Uzee ndio unaong'oa meno, daktari.” Nimelisikia kwa watu wenye elimu kubwa. Siliamini, na kaunti hizi zina ushahidi wake. Pale Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, watafiti walichimbua magego mawili ya Paranthropus, jamaa wa kale wa ukoo wetu, pamoja na zana za mawe na mifupa ya viboko waliochinjwa. Matokeo yalichapishwa Februari 2023, na umri wa mahali pale umekadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Gego ni kitu kigumu kuliko mfupa. Kama udongo wa Homa Bay umelihifadhi muda wote huo, miaka sabini haiwezi kuwa ndiyo iliyolishinda. Kinacholishinda ni ukoga unaokaa shingoni mwa jino, ukashusha ufizi na kuula mfupa unaolishika. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta kama theluthi ya watu wazima wa Kenya wana meno yaliyooza, lakini fizi zinazotoka damu zilikuwa karibu katika kila kinywa. Fizi ndizo zinazowamaliza wazee wetu, na fizi zikisafishwa mapema, gego linalocheza kidogo hukaza tena.

Kwa wale wa Nyatike niongeze swali moja. Mzee ambaye meno mengi yamelegea kwa pamoja, fizi nyekundu, mate mengi, mikono inatetemeka, mwulizeni kama amefanya kazi ya dhahabu, Macalder, Osiri au kokote wanakochoma zebaki. Zebaki hulegeza meno. Kumng'oa moja moja bila kumwondoa kwenye moshi ule ni kumaliza kinywa chake huku ugonjwa ukiendelea figoni na kwenye mishipa ya fahamu.

Niseme kidogo kuhusu hofu ya macho. Wazee wengi, hasa kina mama, hukataa kung'olewa gego la juu kwa kuamini kwamba watapofuka. Mshipa wa kuonea na mshipa unaohudumia meno ni mishipa miwili tofauti, kila mmoja una njia yake kutoka kwenye ubongo. Mara nyingi aliyepoteza macho baada ya kung'oa alikuwa na mtoto wa jicho aliyekuwa akikomaa taratibu. Msimcheke mzee kwa hofu hiyo. Mpelekeni akapimwe macho pia.

Kuna kazi ambayo ni nyinyi tu mnaoweza kuifanya. Tangu 2023 mikoba yenu ina mashine ya kupima shinikizo na kifaa cha kupima sukari. Mpimeni mzee nyumbani kabla hajapanda matatu. Kama shinikizo limefika 180 kwa 110, atarudishwa bila kung'olewa, na hiyo ni nauli iliyopotea. Sukari iliyopanda huchelewesha kidonda kupona. Kama anameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, asiziache kwa shauri lake mwenyewe wala la jirani; damu ikiganda kwenye moyo au ubongo ni hatari kubwa kuliko kidonda cha jino kinachotoka damu kidogo, ambacho daktari anaweza kukidhibiti. Anayechomwa au kumeza dawa za kuimarisha mifupa, na aliyepigwa miale kwa saratani ya kichwa au shingo, lazima aseme mapema, maana taya lake linaweza kukataa kupona.

Na dawa za virusi. Homa Bay ni kaunti ambayo mwaka 2018 karibu mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa akiishi na VVU, na wengi wa waliookolewa na dawa hizo sasa wanazeeka, jambo la kushukuru. Wanaficha kadi wanapokuja kwa jino. Mzee anayetumia dawa vizuri anang'olewa kama mtu mwingine yeyote, na anayesema ukweli anapata uangalizi bora wa fizi zake. Mhudumu anayemkataa kwa sababu hiyo amekosa. Mzee ajue hilo kabla hajafika mlangoni.

Akishang'olewa, aume pamba kwa nusu saa au zaidi, asisukutue siku hiyo, aache ugoro, sigara na chang'aa. Kesho yake maji ya chumvi ya uvuguvugu. Maumivu yakizidi siku ya tatu au ya nne badala ya kupungua, damu iliyoganda imetoka na mfupa umebaki wazi, arudi, asinyamaze. Na kabla ya yote hayo, tafadhali, mwenye kutumia aspirini aimeze. Ikibandikwa kwenye ufizi inauunguza. Nimewahi kuwaona waliotia maji ya betri kwenye tundu la jino. Maumivu humfikisha mtu huko, nami siwezi kuwalaumu, lakini aliyefika huko alihitaji mtu wa kumtembelea mwezi mmoja mapema.

Nimalizie na mama mmoja wa Mfangano. Ana nak. Alifika akiwa na magego mawili ya chini yanayomuuma, la kushoto na la kulia, na alitaka yote mawili yatoke siku hiyo ili nauli ya boti hadi Mbita isilipwe mara mbili. Tulikaa naye na mwanawe kwa kioo cha mkononi. La kushoto lilikuwa limelegea na usaha ulitoka nikiligusa, likang'olewa. La kulia lilikuwa na tundu kubwa lakini limekaza, na ndilo lililokuwa gego pekee upande ule linalokutana na la juu. Alinitazama akaniambia ameshatoa sita bila kulia, moja zaidi halimtishi. Nikamjibu, “Mama, hayo sita ndiyo sababu hili nakuombea.” Akakubali litibiwe. Mwanawe alilipa boti mara nne, na kila mara alilalamika, kwa haki. Nilimwona mama mwezi uliopita. Gego bado lipo, na kibano cha meno yake ya bandia kimelishika.