Kutambua Mimea ya Lambo: Mizizi Kwanza, Ua Baadaye

Wengi wanaofika kando ya lambo katika Kanda ya Ziwa huanza kwa kutafuta ua. Mada hii, iliyoandaliwa kwa walimu wa baiolojia na maofisa uvuvi, inashauri vingine: mmea uvutwe, upinduliwe, sehemu ya chini ikaguliwe kwanza. Mimea mingi ya majini hukaa muda mrefu bila kuchanua, na majani yake hubadilika umbo kufuata mahali ilipoota.

Gugu maji lathibitisha hilo. Likielea peke yake kwenye maji ya wazi, vikonyo vyake huvimba kwa hewa. Likisongamana, vikonyo hurefuka na kukonda, uvimbe ukatoweka, na aliyekariri uvimbe tu hudhani ameona mmea mwingine. Mizizi yake ndiyo ya kuaminika: myeusi au ya zambarau, imechanua pande zote kama unyoya.

Salvinia, jamaa ya kangaga, ina hila zaidi. Majani yake hutoka matatumatatu. Mawili huelea, la tatu huning'inia majini likiwa limechanika nyuzinyuzi, na watu huliita mzizi. Salvinia haina mzizi hata mmoja. Kwa kioo cha kukuzia, juu ya majani ya ile iitwayo Salvinia molesta huonekana vinywele vinnevinne vilivyoungana nchani. Pistia, mmea mwingine unaoelea, haina vikonyo, majani yake ni laini kama yenye vumbi la manyoya, na viluwiluwi vya mbu wa Mansonia hutoboa mizizi yake ili wapate hewa.

Tofauti hizi si za darasani tu. Mbawakawa wa Neochetina walioachiwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 hula gugu maji. Salvinia ina adui wake mwingine, Cyrtobagous salviniae, aliyetumika Ziwa Naivasha. Anayekosea mmea hupeleka mdudu asiye na kazi.

Chini ya uso wa maji kuna utrikularia, mmea wenye vibofu vinavyofyonza viroboto maji kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwalimu asikose kuwaonyesha wanafunzi vibofu hivyo. Ukingoni kazi ni nyepesi: shina la mafunjo lina pembe tatu, la matete ni la mviringo na lina vifundo.

Asiingie mtu majini miguu mitupu. Konokono wanaoeneza kichocho hushikamana na mimea hiyohiyo, hivyo reki iliyofungwa kamba, irushwe kutoka nchi kavu, yafaa kuliko mikono. Kabla ya kwenda lambo jingine, reki na buti vioshwe na kuanikwa mpaka vikauke kabisa, kwa kuwa kipande kimoja cha salvinia kilichonasa kwenye meno ya reki hukua kikawa mmea mpya.

Sampuli laini iachwe ielee kwenye sinia la maji, karatasi ipitishwe chini yake, kisha inyanyuliwe taratibu na kukandamizwa. Mahali, tarehe, kina cha maji na rangi ya ua viandikwe palepale lamboni, maana rangi hupauka sampuli ikikauka.