Maji Katika Oili ya Trekta Kuukuu

Hotuba ya fundi wa mitambo mbele ya wazee, walimu na wakulima



Nimeitwa niseme nanyi juu ya ugonjwa mmoja wa matrekta ya zamani, nao ni maji ya kupozea injini kuingia katika oili. Naona ni vema nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe, maana kosa lililokwisha kulipiwa hufundisha kuliko maneno matupu.

Chama chetu cha wakulima kilikuwa na trekta moja kuukuu, nalo lililimia kijiji kizima kwa zamu. Majuma mawili kabla ya mvua, dereva alipima oili akaona imepanda kupita alama. Akafurahi, akasema moyoni, "Trekta hili halili oili." Hakumwambia mtu. Baada ya siku chache oili ikageuka rangi kama chai ya maziwa, ndipo nilipoitwa. Nami, kwa kujiona fundi, nilisema palepale, "Ni gasketi ya kichwa cha injini." Nikashika spana, nikafungua kichwa, nikasafisha, nikatia gasketi mpya. Tulipoliwasha, maji yaliingia mengi kuliko kwanza. Sababu yake nitaieleza mbele.

Kwanza tufahamu hali ya injini. Ndani yake mna njia mbili ambazo hazipasi kukutana kamwe. Maji hutoka katika rejeta, huzunguka silinda, hupanda katika kichwa, kisha hurudi kupoa. Oili hukaa chini katika beseni lake, nayo husukumwa na pampu hata kufika kwenye beringi. Kati ya beringi na krenki hukaa utando mwembamba wa oili, nao ndio uhai wa injini. Maji yakichanganyika na oili, utando ule hukatika, na chuma husaga chuma. Kwa hiyo trekta lenye oili ya namna hiyo lisiwashwe tena, hata kwa kulirudisha nyumbani tu. Livutwe.

Dalili ya kwanza ni oili kupanda juu ya alama. Oili haizai, ikiongezeka, kuna kitu kimeingia. Huenda ni dizeli, lakini dizeli huifanya oili kuwa nyepesi na yenye harufu yake, wala haiigeuzi kuwa nyeupe. Tena, povu jeupe kidogo chini ya kifuniko cha kutilia oili, hasa asubuhi za baridi na kwa trekta lifanyalo kazi fupi fupi, aghalabu ni umande tu. Lisikutie hofu kama oili yenyewe ni safi.

Mkiona dalili hizi, msikimbilie spana. Mwulizeni dereva, kwa upole ili asifiche: "Je, umekuwa ukiongeza maji katika rejeta?" Kama rejeta haikupungua hata kidogo, basi yamkini maji yametoka mbinguni. Matrekta mengi ya zamani yana bomba la moshi lililosimama wima, na mvua ikinyesha huingia humo, ikapita penye vali iliyo wazi, ikashuka kandokando ya pistoni hata katika oili. Dawa yake ni kufunika bomba kwa kopo la bati kila jioni. Kopo ni rahisi kuliko injini.

Lakini kama rejeta inapungua, na nje hapaonekani tone, liacheni trekta lilale usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, nayo hushuka chini. Asubuhi, kabla ya kuligusa, legezeni kidogo kizibo cha kutolea oili, mkikinga kwa chupa ya kioo. Yakitangulia maji, kisha ikafuata oili, shaka imekwisha. Kama maji yamekwisha kuchanganyika na oili, dondosheni tone moja katika kikaango cha moto, mkisimama mbali kidogo. Oili yenye maji hupasuka na kulia kama mafuta ya kukaangia samaki aliye majimaji. Walakini mtu asiionje kamwe. Dawa inayotiwa katika rejeta kuzuia maji yasigande, aghalabu ni tamu na ni sumu. Watoto, mbwa na mifugo wawekwe mbali nayo.

Sasa tutafute mlango ambao maji hupitia. Ondoeni plagi, au nozeli kama ni trekta la dizeli, kisha mzungushe injini kwa mkono, mkisimama kando. Silinda itemayo maji ndiyo ya kushukiwa. Njia nyingine ni kumwaga oili yote mbovu, kutia safi, na kuwasha injini ikiwa baridi kwa dakika chache tu, kizibo cha rejeta kikiwa wazi. Mapovu yakitoka mfululizo ndani ya maji, moshi wa silinda unapenya kwenye maji. Hapo gasketi imeungua, au chuma kimepasuka.

Iko pia njia ya tatu, ambayo mimi sikuifikiri. Katika injini nyingi za zamani, silinda ni mrija wa chuma uliopachikwa, nao mafundi huuita slivu, na maji huigusa slivu hiyo kwa nje. Matrekta ya Ferguson TE20 yalitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956, zaidi ya 500,000. Na yale yaliyotiwa injini ya Standard yana slivu za namna hii. Chini ya slivu huwekwa gasketi ndogo au pete ya kuzuia maji yasishuke kwenye oili. Pete hizo huzeeka, na kutu hula mahali zinapokaa.

Kuijua njia hiyo, mwageni oili, fungueni beseni, na mfute ndani kwa kitambaa hata pakauke. Angalieni, matrekta mengi hayana fremu, bali injini yenyewe ndiyo mifupa yao; basi liegemezeni kwa magogo imara kabla ya kulegeza bolti hata moja. Jazeni rejeta, tandikeni karatasi safi chini, mngoje usiku mmoja. Tone likitoka nje ya mguu wa slivu, kosa ni la pete ya chini. Likishuka ndani ya slivu kandokando ya pistoni, kosa liko juu, yaani gasketi au ufa wa kichwa, au slivu yenyewe imetoboka.

Mimi nilifanya jaribio hili nikiwa nimekwisha chelewa. Niliona matone mawili. Moja lilitoka penye mguu wa slivu ya pili, na hapo palikuwa na mfereji wa kutu. Huo ndio ugonjwa wa asili. La pili lilitoka penye slivu ya tatu, pasipo kutu yoyote. Hilo nililifanya mimi. Nilipokuwa nimeondoa kichwa, nilizungusha krenki ili nisafishe pistoni, na pistoni ikaiinua slivu, pete yake ikaharibika. Gasketi niliyoitupa nilipoitazama juani, haikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo anayefungua kichwa cha injini ya namna hii azibane slivu kwanza kwa bolti na washa pana, ndipo azungushe krenki.

Zilipita siku kumi na mbili hata tukapata pete. Mvua ikanyesha, na watu wakarudi kwenye jembe la mkono. Mjane mmoja, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alipanda nusu tu ya shamba lake mwaka ule. Hakunilaumu, wala sikuweza kumtazama usoni.

Mkisha kutengeneza, tieni oili mpya na chujio jipya, injini iende muda mfupi, kisha mwage tena na kutia nyingine, maana maji hujificha katika vijia vyote. Na beringi zikaguliwe kabla ya trekta kurudi shambani.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Basi dereva aseme mapema, wenye trekta wasimkaripie kwa kusema, na fundi aulize, apime na angoje usiku mmoja kabla ya kufungua. Usiku huo mmoja ungaliniokolea siku kumi na mbili.