Nyumba Iliyojaa Vitabu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



 Mimi si mwalimu wala si mwandishi wa vitabu. Ni karani mstaafu, na kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupokea barua, kuzitia namba na kuziweka mahali pake. Sababu ya kuitwa hapa ni hii. Mwezi uliopita Bwana Katibu alifika nyumbani kwangu kwa shughuli ya Chama. Nilimkaribisha, naye akatazama huku na huku asione mahali pa kukaa, kwa kuwa viti vyote vilikuwa vimekwisha kukaliwa: kimoja na kamusi, cha pili na magazeti, cha tatu na mashairi. Nilipomwondolea kamusi akakaa, akacheka, akasema, "Mzee, nyumba hii ni yako au ni ya vitabu?" Nikamjibu kwamba swali hilo mke wangu analiuliza tangu zamani, wala halijapata jawabu. Basi akaniamuru nije niwajibu ninyi.

Maneno yangu nimeyagawa katika sehemu tatu: jinsi vitabu vilivyoijaza nyumba yangu, jinsi nilivyovipoteza, na jambo ninalowaomba.

Baba yangu alikuwa karani kabla yangu. Alipofariki alituachia shamba dogo la minazi karibu na Tanga, nyumba yake, saa ya mfukoni isiyokwenda, na sanduku la bati. Ndugu zangu hawakuligombea sanduku, nami nikalichukua. Ndani mlikuwa na nakala za gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, zimefungwa kwa kamba ya katani mwaka kwa mwaka. Pamoja nazo kilikuwamo kitabu cha Martin Kayamba, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichopigwa chapa mwaka 1932. Watumishi wa serikali hawana haja ya kuelezwa Kayamba alikuwa nani: ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Pembeni mwa kurasa baba yangu alikuwa ametia alama kwa penseli. Mahali pengine aliandika "Kweli", na mahali pengine "Sivyo". Katika uhai wake hakuwa mtu wa maneno mengi, wala hakuzoea kutuambia aliyo nayo moyoni. Niliposoma alama zile nilikuwa kama ninayezungumza naye kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Nilipopata kazi mwaka 1968, kila mwisho wa mwezi nilitenga fedha za chakula, za kodi na za wazazi wa mke wangu, na zilizobaki zikaenda kwa wauza vitabu. Nilinunua vitabu vipya dukani na vikuukuu vilivyotandazwa juu ya gunia kando ya njia. Mkubwa wa kazi alipohama, wengine walikwenda kumwaga. Mimi nilikwenda kutazama anauza nini. Vitabu vya sheria vikalala chini ya kitanda. Hadithi zikapanda juu ya kabati la vyombo. Historia ikashika ukumbini, na vitabu vya dini peke yake vikapata rafu iliyo safi. Siku moja mke wangu alisimama mlangoni na mfuko wa mchele kichwani, akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, huu tuuweke katika herufi gani?"

Nilipohamishwa mara ya kwanza kutoka Tanga kwenda Morogoro, mchukuzi wa stesheni aliinua kasha langu la kwanza, akalirudisha chini pole pole, akaniuliza kama ndani mna mawe au mna maiti. Nilimwambia mna vitabu. Akasema afadhali mawe, maana mawe mtu huyaacha yalipo.

Sitaki mdhani kwamba sikuvisoma. Desturi yangu, niliyonayo hata leo, ni kuamka kabla ya alfajiri na kusoma kurasa ishirini kabla ya kunywa chai, penseli mkononi. Wakati huo hapana barua, hapana simu, wala hapana mtu mwenye shida. Kurasa ishirini ni kidogo, lakini mwenye kuzisoma kila siku amesoma zaidi ya kurasa elfu saba kwa mwaka. Walakini siku moja nilifanya hesabu kama karani anayekagua stoo, nikaona katika kila vitabu vitano nilivyonunua nilikuwa nimesoma viwili tu. Vitatu nilivinunua kwa sababu nilitaka vionekane kwangu, au kwa sababu niliogopa mwingine atavinunua. Kupenda kusoma na kupenda kumiliki ni mambo mawili, na la pili huvaa kanzu ya la kwanza.

Sasa nafika sehemu ya pili, nayo ni ya aibu.

Mwaka 1974 nilipewa uhamisho kwenda Tabora. Ruhusa ya mizigo haikutosha makasha yangu, na watoto walikuwa katikati ya masomo, kwa hiyo mke wangu alibaki nao Tanga katika nyumba ya baba yangu. Nilichagua vitabu vyangu vya thamani kuliko vyote, vitabu 312, nikavitia katika kabati kubwa la mninga, pamoja na Mambo Leo zote za baba na kile kitabu cha Kayamba. Kabati nikaliegemeza ukutani katika chumba cha ndani, nikalifunga, nikatia ufunguo mfukoni. Vitabu vilivyosalia, ambavyo niliviona havina maana sana, niliviacha katika makasha barazani.

Siku mbili kabla ya safari alinijia mwalimu wa shule ya jirani. Jioni alikuwa akifundisha watu wazima kusoma na kuandika, naye alisikia habari za Mambo Leo zangu. Akaniomba nimwazime mafungu mawili tu, awasomee wanafunzi wake habari za zamani za nchi yao. Nilimjibu kwa adabu nyingi. Nilisema karatasi zimechakaa, mikono ya watu ina jasho, na hizo ni kumbukumbu za marehemu. Mwalimu akasema, "Nimefahamu, Bwana Karani," akaenda zake. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimetunza mali ya baba yangu.

Nilirudi likizo baada ya miezi 14. Nilifungua kabati nikaona migongo ya vitabu imesimama safu safu kama nilivyoiacha, nikafurahi. Nikashika kitabu cha kwanza, kikaja mkononi jalada tupu, na ndani yake udongo. Nikashika cha pili, vile vile. Mchwa walikuwa wametoka ardhini, wakapanda ndani ya ukuta, wakaingia kwa nyuma ya kabati. Mbao ngumu waliitoboa mahali padogo tu, kisha wakala karatasi kwa raha zao, kwa kuwa hapana mtu aliyefungua mlango ule kuwasumbua. Mambo Leo zote zilikuwa udongo. Alama za penseli za baba yangu hazipo tena duniani.

Mke wangu aliniacha nikae kimya mpaka jioni. Ndipo akanitolea daftari la shule. Vitabu vile vya barazani, nilivyoviona havina maana, alikuwa amewaazima watu: muuguzi wa zahanati, fundi cherehani, vijana wa darasa la saba, na yule mwalimu. Katika daftari alikuwa ameandika jina la mtu, jina la kitabu, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Vilitoka vitabu 47 na vilirudi 44. Kimoja kilikuwa na doa la mafuta ya nazi, na kingine kilikuwa kimeshonwa upya mgongo na yule fundi, kwa uzi imara kuliko wa kiwandani. Alivifanya hivyo vyote bila kuniuliza, na kama angeniuliza ningemkataza. Vitabu nilivyovifungia vilikufa, na vilivyotembea kwa watu vikaishi.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu kumweleza habari na kumwomba radhi. Akanipa pole kwa moyo safi, wala hakunilaumu kwa neno. Nilimwambia nikipata tena magazeti kama yale nitamletea. Akasema, "Vema, lakini wale waliotaka kuyasikia wamekwisha hitimu, wametawanyika." Neno hilo liliniuma kuliko mchwa.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Timbuktu, mji wa wanavyuoni katika nchi ya Mali, na hapo nikamkuta mtu aliyenifundisha yaliyonipita. Katika karne ya 16 aliishi huko mwalimu aliyeitwa Mohammed Baghayogho. Mwanafunzi wake, Ahmad Baba, ameandika kwamba mwalimu huyu aliwaazima watu hata vitabu vyake vya adimu na vya thamani kubwa, wala hakuwadai kuvirudisha. Pengine mtu alisimama mlangoni kuomba kitabu, naye alimpa bila kumjua ni nani. Kumbukeni kwamba vitabu vyenyewe vilinakiliwa kwa mkono, na bei yake haikuwa ndogo.

Ahmad Baba naye aliujua uchungu wa kupoteza. Mwaka 1591 jeshi la Sultani wa Morocco liliuteka mji ule, na baada ya muda yeye na jamaa zake walikamatwa na kupelekwa Marrakesh. Alisema kwamba walimnyang'anya vitabu 1,600, na kwamba katika ukoo wao maktaba yake ilikuwa ndiyo ndogo. Lakini elimu aliyokuwa ameisoma na kufundishwa hawakuweza kuitia katika mizigo ya ngamia. Alifundisha huko huko ugenini, na aliporudi kwao aliendelea kuandika na kufundisha mpaka alipofariki mwaka 1627.

Najua mtasema, "Mzee, vitabu vikiazimwa havirudi." Ni kweli vingine havirudi, kwangu vitatu havikurudi. Lakini sisi ni makarani. Faili likitoka masjala huandikwa limekwenda kwa nani, siku gani, na lisiporudi huulizwa. Je, kazi tunayoifanya kila siku kwa karatasi za serikali itushinde kwa vitabu vyetu wenyewe? Mke wangu, asiyepata kukaa masjala hata siku moja, aliifanya kwa daftari na kalamu.

Kwa wale wenye vitabu nyumbani, nawapa machache niliyojifunza kwa hasara. Kabati lisigusane na ukuta. Liacheni nafasi ya mkono kupita. Miguu yake isimame katika makopo yenye mafuta ya taa, na mafuta yakikauka yaongezwe. Pwani vitabu hushikwa na ukungu. Vitoeni kivulini siku kavu, vipate upepo, wala msivianike juani, maana jua hukunja majalada. Zaidi ya yote, vifungueni. Mchwa hupenda mahali pasipofika mtu. Na msinunue kitabu kipya kabla ya kumaliza kimoja mlichonacho. Hili la mwisho nawaambia kama mlevi anayewausia vijana, kwa kuwa mimi mwenyewe halijanikaa vizuri.

Wala mtu asiseme kwamba vitabu ni vya wakubwa wenye wasaa. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, na vingi katika vitabu vyake aliviandika akiwa mtumishi wa serikali kama sisi, mwenye saa za kazi na hofu ya uhamisho. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameipa lugha yetu hazina isiyoliwa na mchwa, kwa sababu imo katika vinywa vya watu.

Sasa sehemu ya tatu, nayo ni fupi. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na ni jambo la kujivunia; lakini karani aliye mbali na reli hawezi kusafiri siku mbili akasome kurasa ishirini. Kwa hiyo naomba Kamati ikubali kupokea kwangu vitabu 400, viwekwe katika chumba cha Chama. Nimevichagua mwenyewe, na safari hii sikutoa vile vya barazani. Nimetoa nilivyovipenda, pamoja na vitabu vyote 44 vya daftari la mke wangu, na daftari lenyewe liwe la kwanza katika masjala ya maktaba yetu.

Sharti langu ni moja. Ufunguo usikae mfukoni mwa mtu mmoja, hata akiwa Mwenyekiti, hata nikiwa mimi. Mwanachama akitaka kitabu apewe, na jirani wa mwanachama akitaka apewe vile vile, jina lake liandikwe. Akija mwalimu kuomba kwa ajili ya wanafunzi wake, apewe siku ile ile, kwa maana wanafunzi hawangoji.

Mkikubali, Bwana Katibu akija tena kwangu atapata kiti, na mke wangu atapata mahali pa kuweka mchele.