Subirini Zege Likomae



Kule Kitintale, Kampala, vijana walishiriki kujenga uwanja wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu mwaka 2006. Nanyi mmeazimia kuongeza mwinuko wa zege katika uwanja wenu. Ni heri watoto wachezee humo kuliko barabarani, katikati ya malori yangojayo forodha.

Kabla ya kumwaga zege, waulizeni wachezaji hushukia upande gani, wasije wakagongana. Likishaganda, limwagilieni maji siku 7, na mwinuko ufungwe hadi siku 28 zitimie. Zege changa hubomoka ukingoni, na gurudumu likinasa hapo, mtoto huanguka. Askari watapita kuangalia utepe. Lakini mlinzi wa kwanza ni mzazi.