Krismasi Ipangwe Wakati wa Mavuno

   Leo nataka tuzungumze habari za Krismasi. Najua wako wanaocheka sasa hivi na kusema: huyu bwana shamba vipi, Julai haijaisha, maharage bado yameanikwa uani, yeye anatuletea Krismasi! Chekeni, lakini msizime redio.

Watu hututania sisi Wapare kwamba shilingi ikiingia mfukoni mwetu haitoki. Basi wanaotutania hawajafika kwetu mwezi wa Desemba. Ndugu wanakuja kutoka Dar es Salaam, Arusha na Tanga. Kuna kipaimara, kuna harusi, kuna kikao cha ukoo. Watoto wanataka nguo, wageni wanataka pilau na nyama. Na shambani je? Mahindi ya vuli bado mabichi, yanadai palizi. Yaani matumizi yanakuja wakati ambao shamba halina cha kuuza. Krismasi haitushtukizi, maana tarehe yake ni ile ile kila mwaka, 25 Desemba. Kinachotushinda ni kwamba tunaianzia tarehe 20.

Nitawapeni mfano wa nyumbani kwetu, na wazee wangu watanisamehe. Mwaka mmoja nikiwa darasa la tano tulikuwa na Krismasi nzuri sana. Tulikula wali siku tatu, na mimi nilipata viatu. Sikujua kwamba wiki ile baba alikuwa ameuza debe mbili za maharage yaliyowekwa kwa ajili ya mbegu. Masika yaliponyesha mwezi wa Machi, majirani wakapanda. Sisi tukaenda kukopa. Tulikopeshwa debe moja kwa masharti ya kurudisha mbili. Mvua ya kwanza ilikwisha kupita, maharage yetu yakachelewa, tukavuna kidogo, na katika hayo kidogo tukatoa debe mbili za deni. Krismasi ya siku tatu tuliilipa mwaka mzima. Viatu vile vilikwisha soli kabla deni halijaisha.

Sasa tufanyeje? Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta fundisho. Wazee wetu walichimba ndiva katika milima hii. Maji ya mfereji hukusanywa usiku, asubuhi ndiva hufunguliwa, na kila mtu humwagilia kwa zamu yake. Ndiva haijazwi saa ya kumwagilia. Ukifika asubuhi na jembe begani ndipo ukumbuke kuziba, utamwagilia nini? Fedha na chakula cha sikukuu ni hivyo hivyo. Hujazwa sasa, wakati wa mavuno, kidogo kidogo.

La kwanza ni hesabu ya chakula. Kabla ya kumwita mnunuzi, kaeni baba, mama na watoto wakubwa, mhesabu. Tuseme nyumba yenu ina watu sita na mnatumia debe moja ya mahindi kwa wiki. Kutoka mwanzo wa Agosti mpaka mwisho wa Februari ni wiki 30. Basi debe 30, yaani magunia matano ya debe sita sita, hayauzwi. Ongezeni debe mbili au tatu za wageni, maana wageni watakuja hata usipowahesabu. Kisha tengeni mbegu, mzifunge mbali na chakula. Kinachobaki ndicho cha kuuza.

Hicho cha kuuza nacho kisiuzwe chote Julai. Bei huwa chini kila mtu anapovuna, na mara nyingi hupanda kadiri maghala yanavyokauka. Tuseme, kwa mfano tu, debe ni shilingi 8,000 leo na shilingi 14,000 Desemba. Debe tano zilizosubiri zitakupa shilingi 30,000 zaidi. Lakini sitawadanganya, bei haipandi sawasawa kila mwaka. Kwa hiyo uzeni kwa mafungu: fungu moja sasa, fungu jingine Oktoba, la mwisho Desemba.

Mahindi hayasubiri bila kutunzwa. Yakaushwe vizuri kwanza. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi cha theluthi moja, tia na chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa vizuri, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji; yarudishe juani. Yakikauka, yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, au yachanganye na dawa ya ghala kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Usipofanya hivyo, dumuzi, yule wanayemwita Skania, atakula Krismasi kabla yako.

La pili ni kitoweo. Nyama hupanda bei wiki ya sikukuu, na wewe una kuku anayetetea uani. Akiatamia mayai kumi wiki hii, baada ya siku 21 utakuwa na vifaranga, na Krismasi watakuwa na umri wa miezi minne au zaidi. Majogoo ni ya sikukuu, matetea yabaki yatage. Vifaranga wafunikwe kwa tenga wiki za mwanzo, mwewe asiwafikie. Na wapewe chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, irudiwe kila miezi mitatu. Chanjo hii chanjeni pamoja kijiji kizima au kitongoji kizima, maana kichupa kimoja kinatosha kuku wengi. Wanaopenda mbuzi, nyumba tatu au nne zinunue mmoja sasa, achungwe na mmoja wao, agawanywe siku ya mkesha.

La tatu ni wali. Watu wa milimani, msisubiri kununua mchele dukani Desemba. Wenzenu wa tambarare ya Ndungu na Kihurio wanalima mpunga, na wao wanataka maharage yenu. Tangu zamani mlima na tambarare hubadilishana vyakula. Tafuta mwenzako wa kuaminika, mpatane debe kwa debe kwa bei ya siku hiyo. Chukua mpunga usiokobolewa, maana hukaa vizuri kuliko mchele, uukoboe wiki ya sikukuu.

La nne linahusu wakulima wa tangawizi, hasa wa Mamba na Myamba. Tangawizi inahitaji miezi minane hadi kumi ili ikomae. Kila Desemba wako wanaouza shamba zima likiwa bado changa, kwa sababu ya nguo za watoto. Mnunuzi anasimama pembeni, anatazama majani, anataja bei, nawe unakubali kwa kuwa kesho ni mkesha. Miezi mitatu baadaye anachimba kilo ambazo wewe ulizilea. Ndugu zangu, hiyo ni nguo ghali kuliko zote. Ukibanwa kabisa, chimba mistari michache uuze kwa kilo, mengine yaache yakomae.

La tano ni kikoba. Vikundi vingi huvunja mwezi wa Desemba, fedha zikaishia sokoni zote. Pendekezeni kwenye mkutano wenu kwamba mgao utolewe mara mbili: nusu katikati ya Novemba, nguo na sukari vikiwa bado havijapanda, nusu wiki ya kwanza ya Januari, kwa ajili ya shule. Ada ya shule za serikali, msingi mpaka kidato cha nne, imefutwa, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi, na masika yako nyuma yake yakidai mbegu na mbolea.

La mwisho ni gumu kuliko yote, nalo ni aibu. Wengi hatukopi kwa sababu ya njaa, tunakopa tusionekane tumepungukiwa mbele ya ndugu waliotoka mjini. Wapigieni simu mwezi wa Septemba, si siku ya kupokea mizigo stendi ya Same. Waambieni wazi: chakula kipo, kuku wapo, ninyi leteni mafuta, sukari na madaftari ya watoto. Nao watashukuru, maana na wao nauli na zawadi zinawatesa. Na kama mwaka huu mavuno ni mabaya, semeni hivyo. Makande ya mahindi na maharage hayajawahi kumfukuza Mpare nyumbani kwao.

Ndugu Waislamu, hesabu hii ni ya kwenu pia kwa Idi, ila ninyi mkumbuke kwamba Idi hurudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Basi tazameni kalenda, muone kama inaangukia baada ya mavuno au kabla.

Kupanga ni kuchagua, tuliambiwa tangu zamani. Jioni ya leo, mtoto wa shule achukue daftari, aandike mafungu matano: chakula, mbegu, shule, sikukuu, akiba. Kila fungu lijazwe kutoka mavuno haya. Fungu la sikukuu likiisha, sikukuu imeisha. Asiguse mtu fungu la mbegu, hata baba. Mkifanya hivyo mtakula Krismasi bila wasiwasi, na Machi mvua ikipiga mabati mtaamka na mbegu yenu wenyewe mkononi.